Gemu Iishe Kabla Ugali Haujaiva

Sheria ya nyumba yetu kuhusu gemu ni moja, na inafuatwa na wakubwa kwa wadogo: gemu inayochezwa sebuleni iwe ni ya kuisha. Ikiwashwa wakati maji ya ugali yanabandikwa, iwe imekwisha ugali ukiepuliwa. Anayetaka kurudia arudie, hata mara kumi, mradi kila inapoisha mwenzake apate nafasi ya kuomba padi. Kufika hapo kulitugharimu memori kadi, usiku mzima wa kununiana, na safari ya Homa Bay ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameipanga.

Tunaishi Migori mjini. Mume wangu ni Mjaluo wa Homa Bay, mimi ni Mkuria wa Kehancha, kwa hiyo lugha ya mezani ni Kiswahili, na watoto wetu watatu wanaombana chumvi kwa lugha hiyo na kugombana kwa lugha hiyo hiyo. Televisheni ni moja. Soketi ya sebuleni ni moja pia, na hapo inachomekwa ekstensheni inayolisha kila kitu: televisheni, redio, chaja za simu, na pasi Jumapili jioni sare zinapopigwa. Siku zote tuliishi kwa zamu. Watoto wakitoka shule ni saa yao ya katuni. Saa moja jioni ni habari, na wakati huo Baba watoto hasemeshwi. Baada ya chakula ni tamthilia yangu. Zamu hizo hazikuandikwa popote, lakini hata kitindamimba wetu, kabla hajajua kusoma saa, alijua zamu ni ya nani kwa kuangalia aliyekalia kiti cha dirishani.

Shemeji alikuja matokeo ya KCSE yalipotoka, asubiri barua ya chuo akiwa kwetu. Ni mtoto wa mwisho wa mama mkwe wangu, kijana mpole, wa kuteka maji bila kutumwa. Alishuka kwenye matatu na begi la nguo, mfuko wa omena kutoka kwa mama yake, na PS2 iliyofungwa ndani ya shuka. Vitu hivyo vitatu vilikuwa vimebanana chini ya kiti kutoka Homa Bay hadi Rongo, na kutoka Rongo kupitia Awendo hadi Migori, na harufu ya omena ilikaa kwenye nyaya za padi kwa muda mrefu. Watoto walimpokea baba mdogo wao kwa shangwe. Omena niliipokea mimi.

PS2 ni mashine iliyotoka mwaka wa 2000. Sony waliacha kuitengeneza mwaka wa 2013, wakiwa wameuza zaidi ya milioni 150 duniani, lakini kwetu haijastaafu. Fundi wa redio anaifungua na kuirudisha kazini, padi zake zinapatikana, CD zake zinabadilishwa mkono kwa mkono. Mashine ya namna hiyo ikiingia nyumbani kwa watu wa kipato cha kadiri, imeingia kweli. Si kitu cha kuangaliwa dukani.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Shemeji alikuja na CD ya mpira, mechi ya dakika kumi, tano kipindi cha kwanza na tano cha pili. Anayefungwa anatoka. Kifunguamimba wetu, msichana aliyekuwa haulizwi maoni yake kuhusu mpira, akagundua kwamba ana mkono mwepesi wa kona, akawa anawatoa wanaume mmoja baada ya mwingine. Baba watoto, habari zikiisha, akawa anaomba mechi moja tu kabla ya kuoga. Wa kati ndiye aliyekuwa mtangazaji. Mimi nilicheza nikinuka kitunguu, nikafungwa, nikarudi jikoni, na kabla mboga haijakauka nikaitwa tena: Mama, zamu yako. Ndiyo sheria ya vibanda vya PS kule stendi: unalipia mechi, unacheza, ukifungwa unampisha mwenzako. Mwenye kibanda anakula kutokana na mechi fupi, na vijana walioegemea ukuta wakisubiri wanavumilia kwa sababu ni fupi. Ungewaambia wasubiri mtu mmoja amalize hadithi ya saa thelathini, wangeondoka na benchi.

Kisha ikaja San Andreas.

Shemeji alibadilishana CD na kijana mmoja wa sokoni. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004, na sidhani kuna kijana wa Kenya wa umri wake ambaye hajaisikia. Hadithi yake inaanza mwaka wa 1992: kijana aitwaye CJ anarudi nyumbani Los Santos kumzika mama yake. Siku ya kwanza sote tuliketi tukaangalia, maana kijana kurudi nyumbani kumzika mama ni jambo linaloeleweka sebuleni kwetu. Lakini kabla machozi hayajakauka watu walishaanza kumiminiana risasi, na matusi yakafuata. Uingereza waliiwekea alama ya umri wa miaka 18, na nilipoona ya kuona niliona wana haki. Nikawaambia watoto gemu hiyo si yenu. Shemeji akakubali bila neno, akasema ataicheza wao wakiwa hawapo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na nataka nieleze vizuri, kwa sababu tatizo halikuwa risasi peke yake. Gemu ile inahitaji kiasi cha saa thelathini kufuata hadithi yake tu, bila vichochoro vya pembeni. Na huwezi kusimama popote unapotaka. Ili ikumbuke ulipofika, lazima umpeleke CJ hadi kwenye nyumba yake, umsimamishe juu ya alama inayozunguka, ndipo usevu. Ukiwa katikati ya misheni, huwezi. Ukishindwa misheni, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo nilipoita, “Shemeji, chakula!” jibu lilikuwa moja: “Nakuja, shemeji, ngoja nisevu kwanza.”

Ngoja nisevu. Maneno hayo yalihamia kwetu yakapewa chumba. Saa ya katuni ikamezwa: watoto wakitoka shule walikuta mlango wa sebule umerudishiwa, wakafanyia kazi za shule kwenye ngazi. Saa ya habari ikaanza kukatwa mguu, kwanza vichwa vya habari, kisha habari yenyewe, hadi Baba watoto akaanza kusikilizia redio chumbani, mtu ambaye alilipia televisheni ile kwa miezi. Tamthilia yangu ilikufa katikati, na hadi leo sijui yule binti aliolewa na nani.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa dogo. CJ anaona njaa. Watengenezaji waliiweka hivyo: usipomlisha, misuli inanyauka na nguvu zinamwisha. Kwa hiyo shemeji, kwa uangalifu mkubwa, alikuwa anampeleka CJ kula. Aliangalia saa yake ya kula, akampeleka mkahawani, akamnunulia. Na sahani ya shemeji mwenyewe, ugali na sukuma na samaki niliyemkaanga kwa mkono wangu, imefunikwa mezani inapoa, mafuta yameganda pembeni. Kila anaposevu, ndani ya gemu zinapita saa sita. Nje, mimi nilikuwa napasha chakula moto mara ya pili kwa gesi ya kununua.

Sikumgombeza. Kijana anayesubiri barua ya chuo ana uchungu wa aina yake, siku ni ndefu na hakuna anayemhitaji mahali popote, na kule Los Santos alihitajika. Hilo nililielewa, na bado nalielewa. Lakini nyumba ya watu sita yenye televisheni moja haiwezi kubeba hadithi ambayo mtu mmoja tu anaruhusiwa kuifunga.

Mama mkwe alikuja Alhamisi jioni, siku watoto walipofunga kwa mapumziko ya nusu muhula. Watoto wanamwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, na mimi mbele ya watoto namwita hivyo. Alikuja na ngege wabichi waliopangwa kwenye beseni na kufunikwa majani, na mvua ilikuwa inakusanyika upande wa ziwani. Dani ni mtu wa kuheshimu umeme. Alilea watoto kwa taa ya chemni, na akiingia kwenye nyumba yenye stima anatembea chumba hadi chumba akizima asichokiona na kazi.

Usiku ule shemeji alikuwa kwenye misheni ya kufukuza gari moshi. Aliyewahi kuicheza hahitaji kuelezwa. CJ anaendesha pikipiki kando ya reli, amembeba mwenzake mnene, na mwenzake huyo anatakiwa kuwapiga watu walio juu ya mabehewa, na hapigi vizuri. Shemeji alikuwa ameishindwa jana yake na juzi yake. Watoto walikuwa jikoni na Dani wakiparua magamba ya samaki. Baba watoto alikuwa chumbani na redio. Mita ikaanza kulia ule mlio wake mfupi mfupi wa kuonya kwamba uniti zinaelekea kwisha, taa yake nyekundu ikapepesa. Nikachukua simu ninunue tokeni. Ujumbe ukachelewa kuingia. Nikasimama chini ya mita na kalamu, nikisubiri zile namba ishirini.

Sebuleni shemeji akapiga kelele za ushindi. Gari moshi lilikuwa limekwisha. Akawa anamkimbiza CJ nyumbani, mvua imeanza kugonga mabati, mita inalia. Akafika, akasimama juu ya alama, akabonyeza. Maandishi yakatokea kwenye skrini, ya kuomba mtu asizime mashine.

Dani alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Alikuwa amesikia mita inalia, anajua maana yake. Akaona mtoto wake ameketi amekunja mikono, padi iko sakafuni, hachezi. Akaona televisheni inaonyesha maandishi yasiyosogea. Kitu kisichotumika kinakula uniti za watu. Akainama, akazima soketi ukutani.

Ukimya uliofuata ulijazwa na mvua.

Memori kadi ya PS2 ni ndogo, megabaiti 8. Ndani yake kuna orodha inayosema kipi kimewekwa wapi, na kila unaposevu mashine inaandika mambo mapya na kurekebisha orodha ile. Umeme ukikatwa katikati, orodha inabaki nusu ya jana na nusu ya leo, na mashine ikija kuisoma haioni kichwa wala mkia. Tulipowasha tena, kadi ilikuwa haisomeki. Haikuwa misheni moja iliyopotea. Ilikuwa Los Santos nzima tangu mazishi, pamoja na ligi ya mpira ya watoto iliyokuwa imehifadhiwa humo humo, kifunguamimba akiwa anaongoza.

“Imeenda yote,” shemeji akasema. Akarudia kwa Kijaluo, taratibu. Dani akashika mlango. “Wuoda, mwanangu, umetapeliwa? Walikupigia simu?” Alidhani ni pesa za M-Pesa. Baba watoto akatoka chumbani akiuliza kimepotea nini, na kabla hajajibiwa na mtu akasema ni gemu tu. Hilo ndilo lililowasha moto. Shemeji, kijana ambaye sijawahi kumsikia akiinua sauti, akamwambia kaka yake kwamba kwake yeye kila kitu ni “tu”. Akaingia chumba cha watoto akafunga mlango. Ngege walipoiva hakutoka kula, na kijana kukataa chakula mama yake akiwa mezani si jambo dogo. Dani hakugusa sahani yake. Kifunguamimba akalilia ligi yake. Baba watoto akaniuliza mimi kwa nini tokeni hazikununuliwa mapema. Nikamjibu, na nilimjibu kwa kirefu. Tokeni ziliingia baadaye. Hakuna aliyekuwa na haja nazo, tukalala.

Asubuhi Dani alikuwa ameamka kabla ya wote na kufunga virago. Alimwita mtoto wake akamwambia, mbele yangu, “Mimi ndiye niliyezima. Tutaenda Homa Bay, kuna kijana pale mjini anatengeneza simu zilizoanguka majini. Atakiangalia hicho kitu chako.” Watoto walikuwa likizo, wakataka kwenda. Nami nilitaka kutoka nje ya nyumba ile. Tukapanda matatu, Dani mbele kwa dereva, shemeji nyuma kabisa na memori kadi kwenye mfuko wa shati umefungwa kifungo. Awendo tulikaa nyuma ya trekta za miwa, bila njia ya kupita. Rongo tukabadilisha gari. Tulipopita Rodi Kopany shemeji alikuwa ameanza kuongea na watoto, na mlima Asego ulipojitokeza na ziwa nyuma yake, alikuwa anawaonyesha mahali alipojifunzia kuogelea.

Fundi alikuwa kijana makini. Aliipangusa kadi kwa pamba, akaichomeka kwenye PS2 yake mwenyewe, kwenye tundu la juu ya padi, akaitoa, akaichomeka tundu la pili. Skrini ikauliza kama kadi isafishwe ianze upya. Akasogea pembeni akamwambia shemeji, “Sitabonyeza mimi.” Shemeji alisimama na padi mkononi, kidole kimekaa juu ya kitufe cha X, mama yake amesimama nyuma yake. Akabonyeza. Fundi hakutaka pesa. Dani alimwachia za soda.

Nyumbani kwa Dani hatukuwasha televisheni. Alasiri alitoa ubao wa ajua uliokuwa wa marehemu mume wake, mistari miwili ya mashimo manane manane, pembe zake zimelainika kwa kushikwa. Akamketisha mtoto wake upande wa pili. Akamfunga. Wakapanga kete, akamfunga tena. Mara ya tatu kijana akaona mtego ulipo, akauepuka, akaingia mwingine. Kifunguamimba akaomba zamu. Mashimo yalikuwa yale yale na kete zilikuwa zile zile, na hakuna mchezo uliofanana na uliotangulia, kwa sababu kila aliyeketi alikuwa amejifunza kitu kwenye ule uliopita. Jirani alipokuja kuomba moto, mchezo ulisimama, kete zikakaa mashimoni zikisubiri, na hazikudai chochote.

Ni pale nilipoona kitu nilichokuwa nimekitafuta tangu Januari. Nilikuwa nadhani ugomvi wangu ni na urefu. Lakini watu wa Dani wana hadithi ndefu kuliko San Andreas. Ya Luanda Magere peke yake, yule shujaa ambaye nguvu yake ilikuwa kwenye kivuli chake, inaweza kula usiku kadhaa. Dani mwenyewe aliisikia siwindhe, nyumba ya bibi walikolala watoto wakisimuliwa sigana. Nilimwuliza Dani, bibi yake alikuwa anaikatiza wapi. Akasema popote. Mtoto akisinzia, anakatiza. Moto ukififia, anakatiza. Mgeni akibisha hodi, anakatiza katikati ya neno, na kesho yake watoto wenyewe wanamkumbusha alipofika. Hadithi ilikuwa ndefu, lakini aliyeamua pa kusimama alikuwa mtu wa nyumba ile, aliyewaona watoto kwa macho. Gemu ya saa thelathini inaamuliwa pa kusimama na mtu aliyekaa mbali sana, ambaye hajui kama chakula kimeiva au uniti zimekwisha. Ni mgeni asiyejua kuaga. Kitabu kirefu hakina tabia hiyo. Unaweka uzi kwenye ukurasa unakwenda kukamua ng'ombe.

Na nchi yetu ina sababu yake ya ziada ya kuthamini mchezo unaoisha. Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Aliyekuwa anacheza mpira alipoteza mechi moja. Aliyekuwa mbali na alama ya kusevu alipoteza yote aliyocheza tangu aliposevu mara ya mwisho.

Shemeji alinibishia, na hoja yake ina uzito. Alisema gemu fupi haina safari. Ukimaliza uko pale pale ulipoanza, hujajua mji wowote, hujamzoea mtu yeyote. Alisema alimjua CJ. Namheshimu kwa hilo. Lakini “pale pale ulipoanza” si kweli, na ushahidi wangu ni Tetris. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka wa 1984, vipande vinaanguka na wewe unavipanga, basi. Hakuna mtu wa kumzika, hakuna mji. Toleo la mashine ya Nintendo lilitoka mwaka wa 1989, na kwa zaidi ya miaka thelathini watu walilicheza bila binadamu yeyote kulifikisha mahali linapokwama lenyewe. Desemba 21, 2023, mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, Willis Gibson, alilifikisha. Mchezo ule wa siku ile ulichukua kiasi cha dakika 38, muda wa kupika maharage yaliyolowekwa. Alimwenzi kwa ushindi ule baba yake, aliyekuwa amefariki mwezi huo huo. Safari ilikuwepo; ilikuwa mikononi mwake, kwenye michezo yote aliyoshindwa kabla ya ule.

Mimi safari yangu ilikuwa ndogo zaidi. Nilipoolewa nilikuwa na Nokia 1100, ile yenye tochi, na ndani yake kulikuwa na nyoka anayekula na kurefuka. Mfini Taneli Armanto ndiye aliyemwingiza nyoka huyo kwenye simu za Nokia mwaka wa 1997. Nilikuwa naiegemeza kwenye kopo la chumvi, nacheza maji yakichemka. Nyoka akijigonga, natia unga. Sikuwahi kuunguza sufuria kwa sababu yake, na kila siku alirefuka kidogo kuliko jana. Mtoto akilia niliiweka chini bila kuuliza mtu ruhusa. Stima ikipotea niliwasha tochi ya simu ile ile, nikamalizia kupika. Kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa muda wangu peke yangu, na ulikuwa wa kutosha.

Tulirudi Migori Jumapili. Njiani shemeji ndiye aliyetamka sheria, si mimi: sebuleni mchezo uwe wa kuisha, na hadithi ndefu ichezwe nyumba ikiwa tupu, umeme ukiwa umelipwa na anayecheza. Baba watoto akaikubali akiwa mlangoni, kabla hatujatua mizigo, akamwambia mdogo wake pole ya usiku ule wote, kwa Kijaluo, akamshika bega. Jioni ile walicheza mechi. Kadi ilikuwa tupu, ligi ikaanza upya na kila timu ikiwa na sufuri, na kifunguamimba akaongoza tena kabla ya wiki kwisha.

Shemeji aliianza San Andreas upya tangu mazishi, asubuhi watoto wakiwa shule. Hakuimaliza. Barua ya chuo iliingia akiwa mahali fulani milimani na CJ, akafunga nguo akaondoka, akawaachia watoto mashine na CD ya mpira. Akipiga simu haulizi habari za Los Santos. Anauliza nani anaongoza.

Dani naye amekuwa mchezaji. Mechi nzima hataki, anasema wale watu wanakimbia ovyo. Anataka penalti, tano tano, kitufe kimoja na mshale mmoja. Anapiga, mjukuu anadaka, wanabadilishana, imekwisha, anasema rudia. Akija kutoka Homa Bay, beseni la samaki linashuka kwanza, kisha anauliza padi yake iko wapi. Kifunguamimba anadai anafungwa na bibi yake kwa sababu kitufe cha X cha padi ya pili kinakwama, na nimekijaribu mwenyewe, kweli kinakwama. Mwisho wa mwezi nitanunua nyingine.